Tone Moja kwa Wakati Wake: Mazungumzo Kuhusu Uuguzi wa Macho

Uuguzi wa macho ni tawi la uuguzi linalomtaka mtu ambaye amekwisha kufuzu na kusajiliwa kuwa muuguzi arudi tena darasani, asome kwa undani kiungo kimoja chenye kipenyo cha milimita 24 hivi, kisha afanye kazi katika kliniki, wodi au chumba cha upasuaji wa macho akibeba majukumu ambayo mwenzake wa wodi ya kawaida hakufundishwa kuyabeba. Katika Afrika ya Mashariki mafunzo hayo yametolewa kwa miaka mingi katika Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na upande wa Kenya katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, ambacho watu wamezoea kukiita KMTC. Muuguzi wa macho hutofautiana na daktari bingwa wa macho, ambaye hutambua ugonjwa na kupasua, na hutofautiana pia na mtaalamu wa miwani, ambaye hutafuta lenzi itakayosahihisha uoni. Lakini kazi zao hugusana kila siku, na mgonjwa anayeingia asubuhi na kutoka alasiri huwa amepita mikononi mwa muuguzi mara kadhaa huku akiwa amekaa na daktari kwa dakika chache. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawazijui tofauti hizo, sifa yote ya kuona tena humwendea aliyeshika kisu. Daktari anaistahili sifa hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uoni unaookolewa hospitalini hulindwa kabla ya kisu na baada yake, katika matendo madogo yanayorudiwa siku nenda siku rudi, na matendo hayo yana elimu yake ambayo haipatikani kwa kuyazoea tu mazingira ya kliniki.

Tendo la kwanza ni kupima uwezo wa kuona. Chati inayotumika imetokana na ile aliyoibuni daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, na mgonjwa huketi umbali wa mita 6 kutoka chati hiyo akitaja herufi zinazozidi kupungua ukubwa mstari baada ya mstari. Matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili zilizotengwa na mkwaju: anayeona 6/60 ni yule ambaye kitu anachokitambua akiwa mita 6, mtu mwenye macho mazima angekitambua akiwa mita 60. Kwa asiyejua kusoma kuna chati ya herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, naye huonyesha kwa mkono upande ambao vidole vya herufi vinaelekea. Akishindwa kabisa huulizwa idadi ya vidole vilivyoinuliwa mbele yake, kisha kama anauona mkono unaopungwa, kisha kama anautambua mwanga wa tochi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kipofu mtu ambaye hata jicho lake lililo bora halifikii 3/60.

Kipimo hiki huonekana chepesi, na kwa sababu hiyo ndicho kinachokabidhiwa haraka zaidi kwa yeyote aliye karibu, jambo ambalo ni kosa. Mgonjwa hutakiwa ajizibe jicho kwa kiganja bila kulikandamiza, kwa kuwa akitumia vidole huchungulia katikati yake, na akikandamiza, jicho hilo litakuwa na ukungu zamu yake itakapofika. Kila jicho hupimwa peke yake, kwani jicho zima huweza kulificha jicho bovu kwa miaka, na wako watu wanaogundua kwamba jicho moja limekufa siku walipoingiwa na kijiti katika lile jingine. Mwenye miwani ya mbali hupimwa akiwa ameivaa. Baada ya hapo huwekewa kibao chenye kitundu chembamba mbele ya jicho, na kama uoni unaboreka anapotazama kupitia kitundu hicho, yamkini tatizo lake ni la kuhitaji miwani kuliko ugonjwa wa ndani ya jicho. Muuguzi mwenye uzoefu huangalia pia mambo ambayo hayamo katika kitabu cha kanuni: mzee anayeinamisha kichwa ili aone kwa pembe ya jicho, mtoto aliyekariri herufi akiwa kwenye benchi la foleni, mtu mzima anayejibu kwa haraka mno kwa sababu anaona haya kukiri kwamba haoni. Tarakimu zile mbili zikiandikwa vibaya, kila uamuzi unaofuata utakaa juu ya uongo, kuanzia nani apasuliwe hadi kama upasuaji ulifanikiwa.

Ipo hali moja ambayo muuguzi wa macho huruhusiwa, na kwa hakika hulazimika, kuivunja kanuni ya kupima kwanza, nayo ni pale anapoletwa mtu aliyeingiwa na kemikali jichoni, kama fundi ujenzi aliyerukiwa na chokaa au fundi magari aliyemwagikiwa na maji ya betri. Hapo maji hutangulia kila kitu: kadi, risiti, chati na hata daktari. Jicho huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, au kwa maji safi ya bomba kama hayo hayapo, kwa muda usiopungua nusu saa, na kope ya juu hupinduliwa ili chembe za chokaa zilizojificha chini yake ziondolewe kwa pamba, kwani chembe moja iliyobaki huendelea kuunguza hata baada ya lita kadhaa za maji kupita. Chokaa ni hatari kuliko asidi nyingi, kwa kuwa asidi hugandisha tabaka la juu la jicho na ugando huo huizuia isipenye zaidi, ilhali chokaa huyeyusha njia yake na kuzama ndani. Muuguzi hupima kwa karatasi ya litimasi, karatasi inayobadilika rangi kulingana na ukali wa kemikali, na huacha kuosha pale tu jicho linaporudi katika hali yake ya kawaida. Katika dakika zile za mwanzo ndipo maana ya neno bingwa hudhihirika zaidi kwa muuguzi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu akisubiri aamriwe, konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, itakuwa imekwisha kuwa nyeupe kama kigae.

Ujuzi huohuo wa kutambua la haraka na la kusubiri hutumika katika foleni yenyewe. Benchi la kliniki ya macho hukaliwa na watu wengi ambao wote wanalalamika kwamba macho yanauma, na kati yao yuko mmoja ambaye hawezi kusubiri hadi mchana. Mama anaweza kufika na mtoto mchangamfu asiyelia, ambaye shida yake pekee ni kwamba mboni inang'aa weupe kama jicho la paka usiku, na mtu asiyejua angemweka mwisho wa mstari kwa kuwa haonekani mgonjwa. Weupe huo unaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ugonjwa unaowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, na ambao ukiwahiwa mtoto hupona na ukicheleweshwa hufika ubongoni na kumuua. Muuguzi wa macho humtoa mtoto huyo katika foleni bila kelele na kumfikisha kwa daktari siku hiyohiyo.

Lakini sehemu yenye elimu nyingi kuliko zote katika kazi hii ni ile ambayo watu huidharau kuliko zote, yaani kutia dawa ya matone. Jicho la kawaida lina machozi yasiyozidi mikrolita 7 hivi, na mfuko uliopo kati ya kope ya chini na jicho huweza kuhifadhi mikrolita 30 tu kwa muda mfupi, ilhali tone moja linalotoka katika chupa huwa na mikrolita kati ya 30 na 50. Maana yake ni kwamba tone moja limekwisha kuujaza mfuko na kubakisha, na anayetia matone mawili au matatu kwa kuamini kwamba ndiyo atapona upesi huyamwaga shavuni, na chupa iliyokusudiwa mwezi mzima humalizika katika wiki ya pili. Kwa mgonjwa anayenunua dawa kwa fedha za kuuza mboga, hesabu hiyo ya mikrolita ni hesabu ya riziki. Muuguzi humfundisha aangalie juu, avute kope ya chini itengeneze kijimfuko, adondoshe tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope, afumbe macho polepole bila kuyabana, na abonyeze kwa kidole pembe ya ndani ya jicho, upande wa puani, kwa dakika moja au mbili. Kama ana dawa ya pili, asubiri dakika 5, kwa sababu tone la pili likija upesi huliosha la kwanza.

Kubonyeza pembe ya jicho si urembo wa kitaalamu. Katika pembe hiyo kuna kijitundu kinachoyapeleka machozi puani, ambako dawa hunyonywa na kuingia moja kwa moja katika damu bila kupitia kwanza katika ini. Timolol, dawa inayotumika sana kushusha shinikizo la jicho, ikifika katika damu hupunguza mapigo ya moyo na kubana njia za hewa, na kwa mtu mwenye pumu tone hilo dogo linaweza kuleta shambulio la kukosa pumzi. Kwa hiyo muuguzi anayekabidhi chupa ya timolol bila kumwuliza mgonjwa kama ana pumu au tatizo la moyo amefanya jambo la hatari, hata kama cheti cha daktari kipo mezani na kimeandikwa kwa usahihi. Mgonjwa wa macho hakuulizwa habari za kifua alipokuwa akipimwa macho, naye haoni uhusiano wowote kati ya viwili hivyo, wala hakuna sababu ya kumtarajia auone. Swali hilo ni la muuguzi kuuliza.

Hapa lugha yenyewe huingia katika matibabu. Ugonjwa wa glakoma, ambapo ndani ya jicho mara nyingi huwa na shinikizo lililozidi kiwango cha kawaida cha milimita 10 hadi 21 za zebaki, na ambao huua kidogokidogo neva inayopeleka picha ubongoni, kwa Kiswahili cha kila siku huitwa presha ya macho. Jina hilo linaeleweka kwa haraka, na ndiyo sababu limeenea. Lakini limewafanya wagonjwa wengi kuamini kwamba ni tawi la presha ya damu, kwamba kidonge cha presha kinatosha, au kwamba mtu ambaye presha yake ya damu imeshuka anaweza kuacha matone. Glakoma haiumi katika miaka yake ya mwanzo. Hula uoni kuanzia pembeni, mgonjwa akiendelea kusoma gazeti, na alichokula hakirudi. Dawa yake hutiwa kila siku maisha yote, kwa mtu ambaye hahisi ugonjwa wowote na ambaye dawa hiyo haitamwongezea hata mstari mmoja wa chati, kwani kazi yake ni kulinda kilichobaki. Kumshawishi mtu wa namna hiyo ni mojawapo ya kazi ngumu kabisa za uuguzi, na haifanyiki kwa karatasi ya maelekezo. Hufanyika kwa mazungumzo yanayorudiwa kila mwezi na mtu yuleyule, anayekumbuka kwamba mwezi uliopita bibi huyu alisema mjukuu ndiye anayemtilia matone, na kwamba mjukuu huyo sasa amekwenda shule ya bweni.

Jina la mtoto wa jicho nalo lina habari yake. Ugonjwa huu, ambao ndio chanzo kikubwa cha upofu duniani, ni kufifia kwa lenzi iliyo nyuma ya mboni, lenzi ambayo kwa kawaida ni angavu kama maji. Lakini neno mtoto huwafanya watu wafikirie kitu kilichoota juu ya jicho, kinachoweza kukwanguliwa, kuyeyushwa kwa dawa ya majani au kusubiriwa kikomae kama tunda. Dhana ya kukomaa ina mizizi ya kweli, kwani upasuaji wa zamani ulifanyika kwa urahisi zaidi lenzi ikiwa imekauka na kuwa nyeupe kabisa; upasuaji wa leo hauhitaji hilo, na anayesubiri lenzi ikomae hupoteza miaka ya kuona na humpa daktari kazi ngumu zaidi. Muuguzi ndiye anayezivua dhana hizi moja baada ya nyingine, tena si kwa mgonjwa pekee. Watafiti wa kituo cha KCCO, kilichoanzishwa Moshi na Paul Courtright na Susan Lewallen, walionyesha kwamba wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kiwango cha chini kuliko wanaume, ingawa upofu huu huwapata zaidi. Sababu zimo nyumbani: nani ana kauli juu ya fedha, nani ataandamana naye, nani atapika wakati yeye yuko hospitalini, na je, bibi mzee anahitaji kuona ili afanye nini? Muuguzi anayejua mambo haya hamalizi mazungumzo na mama aliyekaa mbele yake. Humwita na kijana wake aliyesimama mlangoni.

Upasuaji wenyewe katika hospitali zetu nyingi hufanywa kwa mkato mdogo usioshonwa, na kwa mikono mizoefu huchukua dakika 10 hadi 15. Lenzi iliyofifia hutolewa na mahali pake huwekwa lenzi ya plastiki, jambo lililofanywa kwa mara ya kwanza na Harold Ridley katika hospitali ya St Thomas' mjini London tarehe 29 Novemba 1949. Kabla ya lenzi hizo kuenea, waliopasuliwa walivaa miwani minene iliyoikuza dunia kupita kiasi, na miwani ikivunjika upofu ulirudi. Lenzi ya plastiki lazima iwe na nguvu inayolingana na jicho la mgonjwa mwenyewe, na anayelipima jicho hilo siku chache kabla mara nyingi ni muuguzi. Hutumia kifaa cha mawimbi ya sauti kinachogusa konea na kupima urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, naye lazima akiguse kwa wepesi wa unyoya, kwa sababu akikandamiza, jicho hubonyea na kipimo husoma pafupi. Kosa la milimita 1 humwachia mgonjwa hitilafu ya karibu dayopta 3, dayopta ikiwa ni kizio cha nguvu ya lenzi, na hitilafu kubwa hivyo humfanya aliyepasuliwa vizuri kabisa atoke hospitalini akiwa bado haoni sura za watu ng'ambo ya barabara.

Ndani ya chumba cha upasuaji adui mkubwa ni uambukizo wa ndani ya jicho, ambao hutokea mara chache lakini ukitokea unaweza kuliua jicho katika siku mbili. Kinga yake kubwa ni ya bei nafuu mno: matone ya povidone-iodine, kiuavijidudu cha rangi ya kahawia, kwa nguvu ya asilimia 5, yanayotiwa jichoni na kuachwa kwa dakika 3 kabla ya mkato. Chupa iliyopo hospitalini aghalabu ni ya asilimia 10, na muuguzi huizimua kwa kiasi sawa cha maji ya chumvi yaliyotakaswa. Ipo pia ile yenye sabuni, inayotumika kunawia mikono, ambayo ina rangi ileile na jina lilelile, na ambayo ikitiwa jichoni huiharibu konea. Muuguzi aliyefundishwa huzitofautisha chupa hizo kabla hajazigusa. Aliyeletwa jana kutoka wodi nyingine kuziba pengo anaweza asijue kwamba kuna la kutofautisha.

Mgonjwa huwa macho wakati wote huo, akiwa amechomwa sindano ya ganzi kando ya jicho na kufunikwa uso kwa kitambaa, anasikia vyuma vikigongana na sauti za watu asiowaona. Katika hospitali zenye desturi nzuri muuguzi mmoja hukaa kando na kumshika mkono, na kabla ya kuanza humwambia kwamba akitaka kukohoa aubane mkono huo kwanza. Jambo hili ni la kitabibu kama lilivyo la utu: kikohozi cha ghafla wakati chombo kimo ndani ya jicho kinaweza kupasua utando mwembamba unaoishikilia lenzi mpya, na mtu aliyeshikwa mkono hutulia, hupumua taratibu na hutoa ishara kwa wakati.

Asubuhi ya pili bandeji hufunguliwa. Wapiga picha hupenda kuwapo saa hiyo, na hakuna ubaya, kwa kuwa furaha yake ni ya kweli na inastahili kuonwa. Ila muuguzi ana shughuli nyingine. Hupima tena kwa chati ileile na mita zile 6, huuliza kama kuna maumivu, hutazama wekundu na usaha, na huyaandika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba angalau asilimia 80 ya macho yaliyopasuliwa mtoto wa jicho yafikie 6/18 au zaidi kwa miwani ambayo mgonjwa anayo, na hospitali haiwezi kujua imefika wapi kama tarakimu za asubuhi hiyo, na za wiki kadhaa baadaye, hazikuandikwa kwa uaminifu. Kisha huja maelekezo, na hapo muuguzi husema jambo moja kwa mkazo kuliko mengine yote: jicho likianza kuuma na kuona kukapungua, mgonjwa asingoje tarehe ya kliniki, arudi hata kama ni usiku.

Nje ya upasuaji yapo mapambano ambayo hayana siku ya kufunguliwa bandeji. Mwanzoni mwa mwaka 2024 maradhi ya macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na Mombasa, kliniki zilijaa watu ambao wengi wao walihitaji usafi, subira na ushauri kuliko dawa, kwani ugonjwa huo husababishwa na virusi na huisha wenyewe. Waliohatarisha macho yao ni wale waliotia vitu vya jikoni, dawa za miti au matone ya deksamethasoni yaliyonunuliwa dukani bila cheti. Deksamethasoni ni ya jamii ya steroidi, hutuliza wekundu kwa haraka ya kushangaza, na utulivu huo ndio mtego wake, kwa maana kwenye kidonda cha konea huwafungulia fangasi na virusi njia, na kwa mtoto mwenye mzio wa macho, anayetiwa miezi na miezi, huleta presha ya macho na mtoto wa jicho kwa pamoja. Katika majira kama hayo muuguzi hujilinda asiwe yeye mwenyewe msambazaji, kwa sababu virusi hivyo hukaa juu ya vifaa na meza kwa siku kadhaa, na kliniki za macho katika nchi mbalimbali zimewahi kuambukiza wagonjwa kupitia kipima shinikizo kilichohamishwa kutoka jicho hadi jicho bila kusafishwa.

Wako pia ambao hospitali haina tena cha kuwatibu. Mtu aliyepoteza uoni kwa glakoma huambiwa na daktari kwamba hakuna upasuaji utakaoyarudisha macho, na sentensi hiyo ikishasemwa chumba huwa kimya, na anayebaki naye baada ya daktari kumwita mwingine ni muuguzi. Kazi yake hapo ni kupima kilichobaki, maana hata uwezo wa kutofautisha mlango na ukuta una thamani, na kumweleza kuhusu fimbo nyeupe, na kama ni mtoto, kumwandikia mzazi barua ya kwenda shule zenye walimu wa kuwafundisha wasioona, kama Buigiri ya Dodoma au Thika kule Kenya. Barua hiyo ikichelewa mtoto hukaa nyumbani mwaka baada ya mwaka akisubiri dawa isiyokuwapo.

Kwa uzito wa kazi hii, ni jambo la kuhuzunisha kwamba wauguzi waliosomea macho huhamishwa mara kwa mara kwenda wodi nyingine kwa utaratibu wa mzunguko, utaratibu ambao una maana kwa muuguzi wa kawaida anayepaswa kujua kila kona ya hospitali, lakini ambao kwa bingwa hufuta mafunzo yaliyogharimiwa. Chanzo cha tatizo mara nyingi kiko katika ikama, yaani orodha rasmi ya nafasi za watumishi ambazo hospitali imeruhusiwa kuwa nazo. Pale ambapo ikama inamtaja muuguzi tu bila kutaja ubingwa wake, katibu wa hospitali anayeziba pengo la wodi ya wazazi huona jina kama majina mengine, na kwa karatasi aliyo nayo hakosei. Muuguzi aliyerudi kutoka chuoni na cheti chake anakuwa hana kiti kinachomsubiri wala daraja la mshahara linalomtambua, na wengine huamua kusomea jambo jingine. Teknolojia haijaupunguza uhitaji wake. Programu ya simu iitwayo Peek, iliyofanyiwa majaribio katika shule za Trans Nzoia nchini Kenya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, iliwawezesha walimu kuwapima wanafunzi na ikaongeza idadi ya watoto waliofika hospitalini baada ya kugundulika. Na kila mtoto aliyefika alihitaji mtu wa kumpokea, kumpima upya na kumtia matone ya kupanua mboni bila kumtisha.

Marekebisho yanayotakiwa hayahitaji jengo jipya wala mashine. Yanahitaji nafasi ya muuguzi wa macho iandikwe kwa jina lake katika ikama ya kila hospitali yenye kliniki ya macho, mzunguko wake uwe kati ya kliniki, wodi na chumba cha upasuaji wa macho, na anapostaafu au kuhama amwachie nafasi mrithi aliyekaa naye muda wa kutosha kujifunza kwa macho na mikono. Kwa hivi sasa, katika kliniki ambayo muuguzi wake alihamishwa mwezi uliopita, bibi mwenye glakoma atafika siku yake ya miadi, atamkuta mtu mpya mwenye nia njema, ataulizwa jina na namba ya kadi, atapewa chupa nyingine ya timolol, na hatakuwapo mtu wa kumwuliza ni nani anayemtilia matone sasa.